Chembe za kalsiamu zisizo na hatari kwenye mamografia: kuzitambua hatua kwa hatua

Chembe nyeupe za kalsiamu huonekana kwenye mamografia (picha za eksirei za matiti) za wanawake wengi, hasa waliovuka miaka 50, na nyingi hazina uhusiano wowote na kansa. Kazi ya msomaji wa picha ni kuzitenga zile chache zinazodai biopsi, yaani kutoa kipande kidogo cha titi kikapimwe maabara. Hapa Lubumbashi kosa lina bei pande zote mbili. Ukiita hatari kitu kisicho na hatari, mama aliyetoka Kolwezi au Kasumbalesa ataanza kuuza vitu vya nyumbani ili akatafute biopsi inayoongozwa na mashine, pengine nje ya nchi. Ukiita salama kundi lenye shaka, atarudi na uvimbe unaoshikika kwa mkono.

Kanuni ya mwongozo huu ni moja: chembe huitwa salama pale tu unapoweza kutaja chanzo chake. Ngozi, mshipa wa damu, fibroadenoma (uvimbe wa titi usio kansa) iliyozeeka, mafuta yaliyokufa, kifuko cha maji, mrija uliopanuka, uzi wa upasuaji, mnyoo uliokufa. Ukishindwa kumaliza sentensi «hii ni kalsiamu ya…», usiandike ACR 2 (daraja la «salama» kwenye mizani ya ACR, chama cha radiolojia cha Marekani), hata kama chembe ni kubwa na hazikutishi.

Kabla ya picha

Anza na ngozi. Mama aoshe kwapa na chini ya matiti kwa maji na sabuni, kisha ajikaushe vizuri. Deodoranti, poda na pomadi zenye zinki huacha vinukta vyeupe vikali, hasa kwapani na kwenye mkunjo wa chini, na vinukta hivyo vimeshawahi kupelekea watu kuandikiwa vipimo visivyo na maana. Kama unavishuku, futa kwa kitambaa chenye maji, piga tena, linganisha.

Anayepokea wagonjwa aulize na kuandika mambo haya kwenye bulletini (karatasi ya kuomba kipimo): upasuaji wa titi, mionzi ya tiba, jipu wakati wa kunyonyesha, pigo au ajali, kisukari, ugonjwa wa figo, kifua kikuu, na mahali mama alipokulia. Hilo la mwisho lina sababu yake, tutalifikia. Makovu, keloidi na vidutu vya ngozi viwekewe alama ya chuma au chembe ndogo ya madini ya risasi kabla ya kubana titi.

Kisha mashine. Vituo vinavyotumia kaseti za CR (sahani inayopokea picha, kisha kusomwa na kisomaji) vina adui mmoja ambaye ni vumbi. Msimu wa kiangazi, Mei hadi Septemba, vumbi jekundu la Lubumbashi hupenya kila pahali. Goma ni vumbi la mawe ya volkano. Punje ya vumbi juu ya sahani huzuia mwanga usifike kwa kisomaji na hutokea kwenye picha kama chembe nyeupe yenye ukingo mkali kupita kiasi. Namna ya kuitambua ni rahisi: kalsiamu humfuata mgonjwa, vumbi huifuata kaseti. Andika namba ya kaseti kwenye kila picha. Nukta ikirudi pahali palepale kwa mgonjwa mwingine aliyepigwa kwa kaseti ileile, safisha sahani kwa dawa iliyoruhusiwa na mtengenezaji na kitambaa kisichoacha nyuzi, usitumie pombe ya kawaida.

Pima pia kama mashine yako inaona vitu vidogo. Fantomu (kifaa cha majaribio kinachoigiza titi) ya ACR ya zamani, ile ambayo bado iko kwenye vituo vingi, ina makundi 5 ya chembe zenye ukubwa wa milimita 0.54, 0.40, 0.32, 0.24 na 0.16. Lazima uone angalau makundi 3, yaani mpaka milimita 0.32. Usipofika hapo, usijisumbue kuhukumu chembe ndogo. Rekebisha mashine kwanza.

Na titi libanwe vya kutosha. Titi likicheza kidogo tu wakati wa mionzi, chembe ndogo zenye kingo kali zinageuka ukungu laini usio na madhara machoni. Angalia ukingo wa msuli wa kifua na nyuzi nyembamba za titi: kama zimefifia, picha hiyo haifai kwa kazi hii. Kusomea kwenye laptopu ya kawaida mbele ya dirisha pia hakufai. Tumia skrini ya mamografia ya megapikseli 5, chumba kiwe na mwanga hafifu.

Hatua ya kwanza: je, iko ndani ya titi?

Tafuta chembe kwenye picha mbili: CC, yaani kutoka juu kwenda chini, na MLO, yaani ya mshazari. Pima umbali kutoka kwenye chuchu. Kitu kimoja kwenye picha mbili huwa na umbali unaokaribiana, tofauti ya takriban sentimita 1. Kikionekana kwenye picha moja tu, kwanza shuku uchafu, ngozi au kivuli cha mashine.

Chembe za ngozi huwa na upana wa milimita 1 hadi 2, zimejaa pamoja, mara nyingi zina kitovu cheusi. Zinapenda mkunjo wa chini ya titi, upande wa mfupa wa kifua, kwapa na duara la chuchu. Kuna dalili moja nzuri ambayo wengi huipita: kundi likibaki na mpangilio uleule kabisa kwenye CC na MLO, kila chembe ikiwa na jirani walewale, fikiri ngozi. Chembe zilizo ndani ya titi hubadilisha mpangilio wao pale pembe ya mionzi inapobadilika.

Kama bado una shaka, piga picha ya tanjenti. Amua ngozi ipi iko karibu zaidi na kundi, ya juu au ya upande. Weka juu yake bamba la kubania lenye tundu na herufi na namba pembeni. Piga, na usiachie titi. Soma kwenye picha ni mstari gani na namba gani zinakutana juu ya kundi, kisha bandika chembe ya risasi kwenye ngozi mahali hapo. Sasa achia, geuza mashine mpaka alama ikae kwenye ukingo wa titi mionzi ikiigusa kwa ubavu, piga tena. Chembe zikionekana ndani ya unene wa ngozi chini ya alama, kesi imekwisha: ACR 2. Kinachoharibu zoezi hili ni kumwachia mama apumzike kabla ya kubandika alama, au kuchagua upande usio sahihi. Kundi lililo kwenye mkunjo wa chini halitapatikana ukiingia kutoka juu. Kituo kisicho na bamba la tundu kinaweza kubandika chembe za risasi kadhaa kwa mistari, kila sentimita 1. Si safi sana, lakini inatosha.

Wenye tomosinthesisi (mamografia inayolionyesha titi vipande kwa vipande) wana njia fupi: chembe za ngozi hukaa kwenye vipande vya kwanza au vya mwisho.

Hatua ya pili: umbo linasema chanzo gani?

Mshipa wa damu. Mistari miwili sambamba kama reli, inayopinda pamoja na mshipa. Haina ugumu ikikamilika. Ugumu uko mwanzoni, ukuta mmoja tu wa mshipa ukiwa umeshika kalsiamu: unaona mstari mmoja mwembamba uliokatika, na unafanana vibaya na kansa ya ndani ya mirija. Fuata mstari mbele na nyuma. Mshipa una kivuli cha bomba, unaendelea kupita pale kalsiamu inapoishia, na hauelekei chuchu kwa lazima. Usipoliona bomba, piga picha ya kukuza (angalia hatua ya tatu). Kwa mama wa miaka 40 na kidogo mwenye mishipa yenye kalsiamu nyingi, ongeza mstari kwenye ripoti ukiomba apimwe sukari, figo na presha. Habari hiyo ni ya kweli na haimgharimu sana.

Fibroadenoma iliyozeeka. Kalsiamu huanza pembeni mwa uvimbe, kisha hujaa ndani mpaka inakuwa mapande makubwa yanayozidi milimita 2 au 3, yanayoitwa bisi. Ikifika hapo hata mwanafunzi haikosi. Kabla ya hapo kuna vipande vichache vyenye ukubwa tofauti, milimita 0.5 hadi 1, na picha hiyo inaangukia kwenye kundi la shaka. Piga ekografia (ultrasound): ukikuta uvimbe wa yai, kingo laini, ulio pahali palepale na vipande viko ndani yake, hukumu inarudi kwenye usalama. Bila uvimbe, usijipe moyo.

Vijiti vya mirija iliyopanuka. Hapa ndipo makosa mazito hutokea, kwa hiyo linganisha kwa makini. Vijiti salama vina unene wa milimita 0.5 na zaidi, kingo laini, vimenyooka au vimepinda kidogo, vimetawanyika pande zote kuelekea chuchu, na kwa kawaida viko kwenye matiti yote mawili ya mama aliyevuka miaka 60. Vingine vina weusi katikati. Vijiti vya shaka ni vyembamba chini ya milimita 0.5, vimekatikakatika, unene wake haufanani kutoka mwanzo hadi mwisho, vina matawi, na vimejaa sehemu moja ya titi moja. Titi moja peke yake, au umri wa miaka 45, ni sababu ya kutosha ya kurudi kuangalia tena.

Vipete na mifuko ya mafuta. Ganda jembamba la kalsiamu, chini ya milimita 1, likizunguka kitu chenye weusi wa mafuta: hiyo ni mafuta yaliyokufa, mara nyingi baada ya pigo, upasuaji au jipu. Ganda likizunguka kitu cha kijivu cha maji, ni ukuta wa kifuko. Weusi wa mafuta katikati ndio ushahidi wako. Utafute kwenye picha ya kukuza.

Kalsiamu ya kovu. Baada ya upasuaji na mionzi ya tiba, hutokea mapande yasiyo na umbo maalumu, yanayozidi milimita 1, mengi yakiwa na kitovu cheusi. Yanakuja polepole, miaka baada ya tiba. Mwanzoni yanaweza kuwa madogo na ya kutatanisha, na ndiyo maana mama aliyekwisha kutibiwa kansa hapewi ACR 2 kwa sababu tu «alipasuliwa hapo». Kansa nayo hupenda kurudi hapohapo. Nyuzi za upasuaji zenye kalsiamu huonekana kama vitanzi au vijiti vyenye fundo. Fundo likionekana, umemaliza.

Vinukta vya mviringo. Milimita 0.5 na zaidi huitwa vya mviringo, chini ya hapo huitwa punje. Vikitawanyika kwenye matiti yote mawili ni salama. Punje zilizokusanyika pahali pamoja, zote zikifanana, kwenye mamografia ya kwanza ya mama, ni ACR 3 (huenda salama, lakini ya kufuatiliwa). Punje zilezile zikiwa mpya, zikiongezeka, au zikijipanga mstari, zinaenda kwenye biopsi.

Maziwa ya kalsiamu. Haya yana jaribio lake, na ni jaribio zuri kuliko yote kwa sababu halihitaji maoni ya mtu. Kalsiamu inaelea ndani ya vifuko vidogo vya maji na kuzama chini. Kwenye CC unaitazama kutoka juu: vinukta vya mviringo vilivyofifia kama madoa. Kwenye picha ya ubavu kamili, nyuzi 90, unaitazama kutoka pembeni: kalsiamu imekaa chini, na kila doa limekuwa mwezi mchanga au mstari uliolala, tumbo likiangalia sakafu. Hatua zake: mama asimame, titi libanwe kwa ubavu, subirini dakika 1 hadi 2 kalsiamu itulie, ndipo upige kwa kukuza. Wanaokosea hutumia MLO badala ya ubavu kamili, au hupiga haraka mno. Na mtego: hesabu chembe zinazobadilika umbo na zisizobadilika. Zisizobadilika ndani ya kundi hilo zinahukumiwa peke yake.

Minyoo na msuli. Vitabu vingi vya Ulaya havikai hapa, lakini Kongo ina filaria, minyoo myembamba inayoishi mwilini. Mnyoo uliokufa hugeuka uzi wa kalsiamu uliojiviringisha, usiofuata mirija wala kwenda kwenye chuchu. Loa loa, aina mojawapo ya filaria, iko kwenye misitu ya kaskazini na magharibi ya nchi, si huku Katanga, na ndiyo maana tunauliza mama alikulia wapi: aliyetoka Uele au Mayombe na uzi wa namna hiyo hana haja ya kupasuliwa. Punje zenye umbo la mchele ndani ya msuli wa kifua, zimelala kwa mwelekeo wa nyuzi za msuli, ni mabuu ya tegu. Tezi za kwapa zenye mapande makubwa ya chokaa mara nyingi ni kifua kikuu cha zamani. Lakini punje ndogondogo ndani ya tezi si za kupuuza, kwani kansa ya titi iliyosambaa huweza kuziacha.

Hatua ya tatu: picha ya kukuza

Kuvuta picha kwa kidole au kwa kipanya kwenye skrini si kukuza. Picha ya kukuza inapigwa upya: jukwaa la mara 1.5 hadi 2, foko (chanzo cha mionzi) ndogo ya milimita 0.1, bila gridi (kichujio cha mionzi iliyotawanyika), titi likiwa mbali na sahani. Piga mbili, CC na ubavu kamili. Muda wa mionzi unakuwa mrefu, hivyo mama ashikilie pumzi na bamba dogo libane pale panapohusika tu. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukiyumba, subiri. Mionzi ikikatika katikati utakuwa umempa mama dozi bila kupata picha.

Ukiwa nayo, tafuta chembe mbaya kuliko zote kundini. Hiyo ndiyo inayotoa hukumu. Kundi lenye vinukta kumi vizuri na vijiti viwili vyembamba vilivyokatika ni kundi la vijiti viwili.

Hatua ya nne: mtawanyiko na picha za zamani

Umbo na mtawanyiko husomwa pamoja. Atlasi ya ACR, toleo la 5 la mwaka 2013, inatoa uwezekano wa kansa kwa kila mtawanyiko: zilizotawanyika kote ni karibu 0%, za eneo pana 26%, za kundi 31%, za mstari 60%, za kipande chenye umbo la kabari 62%. Kwa maumbo ya shaka: vipande vikubwa visivyofanana 13%, ukungu usio na umbo 21%, vidogo vyenye maumbo tofauti 29%, vijiti vyembamba vyenye matawi 70%. Ukisoma ripoti ya zamani yenye aina za Le Gal (mpangilio wa zamani wa maumbo ya chembe), kumbuka kwamba aina ya 1 tu, vipete na vikombe, ndiyo inayokaa upande wa salama bila mjadala. Aina ya 2, vinukta vilivyo sawa, bado inahitaji kuangaliwa.

Huku kwetu mgonjwa anatunza klishe (picha zilizochapishwa) zake mwenyewe nyumbani, mara nyingi kwenye bahasha juu ya kabati. Mwambie azilete zote, na linganisha na ya zamani kuliko zote, kwa kuwa mabadiliko ya polepole hayaonekani kati ya mwaka mmoja na mwaka unaofuata. Kutobadilika kunasaidia pale umbo lilipo la katikati. Hakuokoi vijiti vyenye matawi; kansa ya ndani ya mirija inaweza kukaa kimya miaka kadhaa.

Kuandika hukumu na kumweleza mama

ACR 2: taja chanzo kwa jina, usiishie kwenye «kalsiamu salama». Msomaji wa kesho anahitaji kujua uliona nini. ACR 3 ni kwa uwezekano usiozidi 2%, baada ya picha za kukuza, na inafuatwa kwa miezi 6, 12 na 24. Usiitumie kama pahali pa kuficha shaka. Na kama unajua mama hataweza kurudi baada ya miezi 6, zungumza na munganga (daktari) aliyemtuma sasa hivi. Kwa mama mwenyewe maneno machache yanatosha: «Mama, hivi vyeupe ni chokaa ya mshipa wa damu. Si kansa, na havihitaji dawa. Ukiona uvimbe au chuchu inatoa damu, usingoje mwaka.» Wengi watauliza kama ni kwa sababu ya maziwa au mboga wanazokula, au vidonge vya kalsiamu walivyopewa. Hapana, chakula hakileti chembe hizi, na hakuna haja ya kuacha vidonge.

ACR 4 na 5 (za shaka na za shaka kubwa ya kansa) pahali pasipo na mashine ya biopsi ya stereotaksi, inayoongoza sindano kwa picha za mamografia: anza na ekografia ya eneo hilohilo, kwani baadhi ya makundi yana uvimbe unaoonekana, na hapo sindano inaongozwa kwa ekografia. Isipoonekana, bamba lenye tundu linaweza kuongoza waya wenye ndoano mpaka kwenye kundi, na mpasuaji akafuata waya. Kipande kilichotolewa kipigwe picha kabla mama hajafungwa, kuhakikisha chembe zimo. Maabara wakijibu kwamba hawakuona kalsiamu, waombe mabloku (vipande vya nta vilivyoshika nyama iliyotolewa) yapigwe mamografia, na slaidi zitazamwe kwa mwanga wa polarizesheni: kalsiamu ya oksaleti haionekani kwa rangi za kawaida, na karibu kila mara inatoka kwenye vifuko visivyo na hatari.